Mstari Mmoja wa Kufunga

Mjini Sori, kando ya ghuba ya Karungu, kijana anaandika programu mbili za hesabu ya samaki. Ya kwanza inasafisha rekodi za mizani, ya pili inajumlisha kilo. Anaziunganisha kwa bomba, njia ambayo Doug McIlroy aliipendekeza Bell Labs mwaka 1964, na Ken Thompson akaitia ndani ya Unix mwaka 1973.

Anaanza na wito wa pipe. Kiini cha mfumo endeshi kinampa namba mbili: 3 ya kusomea, 4 ya kuandikia. Kabla ya kusonga mbele anakagua kama jibu ni -1, yaani wito umeshindwa, na atafanya hivyo kwa kila wito. Halafu fork: mchakato unazaa mwingine, na mtoto anarithi namba zote mbili. Bomba ni moja, midomo iliyo wazi ni minne.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mtoto anafunga 3. Kwa dup2 anainakili 4 mahali pa 1, ili yote ambayo yangechapishwa kwenye skrini yaingie bombani; anafunga 4, ndipo anaita exec ili awe programu ya kwanza, ile ya kusafisha. Mzazi, anayejumlisha, naye anafunga 4 yake. Mstari huu wa mwisho wengi huusahau. Anaufuta makusudi nione: rekodi zinasomwa zote, mtoto anamaliza kazi na kutoka, jumla haiji. Mzazi anamngoja mwandishi ambaye ni yeye mwenyewe, kwa kuwa mdomo wa kuandikia bado uko mkononi mwake. Mstari unaporudishwa, read inapata sifuri, na mzazi anajua data imekwisha.

Kwenye Linux bomba kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa, kiini humlaza mwandishi mpaka msomaji apunguze. Lakini bomba halijui rekodi ni nini. Read moja yaweza kuleta “mbuta 1”, na inayofuata ikaleta “2”, ilhali samaki alikuwa wa kilo 12. Kwa hiyo kijana anahifadhi kila kipande kisichofika mwisho wa mstari, anakiunga na kinachofuata, ndipo anahesabu.

Mwisho anaita waitpid, apate jibu la mtoto. Mtoto asipotoka na sifuri, jumla haichapishwi, hata ikiwa tayari, kwa sababu kuna mvuvi atakayelipwa kwa namba hiyo.