Teo, Manati na Upinde

Manati haihitaji kuelezwa kwa mtoto wa Msasani. Panda ya mpera, vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, na ngozi ya kuwekea kokoto: ndiyo azitumiayo kupopolea maembe na kuwatishia kunguru. Bali teo, liitwalo pia kombeo, hakuliona kamwe. Basi mwalimu afikapo habari ya Daudi na Goliathi hushika manati ya mtoto na kusema kwamba Daudi “alifyatua” jiwe. Hapo twapinga.

Kufyatuka ni kwa kitu kilichovutwa kikaachwa, kama mtego au upinde. Teo halina cha kuvutwa. Ni kamba mbili na kifuko katikati; mwenye kutupa hushika ncha zote mbili, akalizungusha, akaachia ncha moja, na jiwe likaenda likivuma. Kuvurumisha ndilo neno lake. Tena manati ni kitu cha juzi, maana yategemea mpira uliopikwa pamoja na salfa, na hati ya Charles Goodyear kwa kazi hiyo ni ya mwaka 1844.

Neno likipotoka, na maana hupotoka. Mwanafunzi aliyeonyeshwa manati humdhania Daudi kuwa mtoto aliyekwenda vitani na mchezo wake. Na tupige hesabu. Kokoto ya gramu 8 iendayo mita 30 kwa sekunde ina nguvu ya juli 3.6, jiwe la teo la gramu 200, kwa mwendo ule ule, lina juli 90. La kwanza huangusha njiwa, la pili huvunja fuvu. Waashuri walipouzingira Lakishi mwaka 701 K.K. walikuwa na kikosi cha watupa teo, nao wamechongwa mawe yao mkononi. Xenophon naye aeleza jinsi Warodo, kwa risasi zao za madini, walivyowapita kwa umbali wapiga upinde wengi wa Uajemi. Kitabu cha Waamuzi chataja watu 700 wa Benyamini, wenye shoto, wasiokosa hata unywele.

Hatusemi kwamba teo hushinda upinde kila mahali. Lataka uwanja, ndani ya mikoko au kichaka halizunguki. Mshale hupenya kati ya matawi, nao ukipakwa sumu hauhitaji nguvu nyingi. Haishangazi kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wawindao porini, wameshika upinde hata leo. Daudi alisimama bondeni, palipo wazi, mbele ya mtu mwenye mkuki na dirii nzito. Silaha yake ilipafaa mahali pale.

Mwalimu na asokote kamba za kumbi la nazi, atengeneze teo, awapeleke wanafunzi ufukoni maji yakipwa, mbali na mashua na nyumba za watu. Yeye mwenyewe atupe kwanza. Na watoto wasimame mbali nyuma yake, kwa kuwa jiwe la mwanafunzi wa teo huenda popote.