Imani na Kutegemea: Neno Moja katika Mahubiri ya Usambara

Wahakiki wetu huzipima tenzi na riwaya, lakini mahubiri huyaacha mlangoni mwa kanisa. Hili ni kosa. Katika Milima ya Usambara, kutoka Amani upande wa mashariki mpaka Mlalo upande wa magharibi, mimbari imekuwa shule ya Kiswahili kwa vizazi vingi. Na mhubiri, kama mshairi, yafaa ahukumiwe kwa neno alilolichagua.

Nachukua mfano mmoja: aya ya Habakuki 2:4, ambayo Paulo aliirudia katika Warumi 1:17. Yahusu jinsi mtu mwema aishivyo mbele ya Mungu, na Walutheri waithamini sana. Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891. Karl Roehl, aliyetumika Usambara katika misheni hiyo, alitoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937. Alipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, akitaka lugha isikike Kibantu masikioni mwa watu wa bara. Hivyo alipenda kitenzi "kutegemea" mahali pa "imani", na mwenye haki akamwita "mwongofu". Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ilishika "imani" na "mwenye haki".

Je, mahubiri hubadilika kwa hayo? Naam. Kutegemea ni tendo, tena lina mwenye kutegemewa. Mkulima apandaye mteremko kwa fimbo aelewa mara moja: aitegemeaye fimbo ameiachia uzito wake. Mhubiri mwenye kitenzi hiki hawezi kuisifu imani kama mali iliyofungiwa sandukuni. Hana budi kuuliza, leo umemtegemea nani? "Imani" ni jina, na jina laweza kugeuka kitu ambacho mtu anacho bila kukitenda. Nimesikia mahubiri yaliyoitaja imani tangu mwanzo hata mwisho, wala yasimwambie msikilizaji atendeane vipi na jirani yake.

Hata hivyo, Roehl alipata faida kwa hasara. Imani, uaminifu, amana na amani, neno tulisikialo katika jina la Amani, ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Neno la Kiebrania alilotumia Habakuki, emuna, lina asili katika shina hilo hilo la Kisemiti, pamoja na "amina" tunayofungia sala. Maana yake ni uthabiti, uaminifu wa mtu asiyeyumba. Basi neno lililoonekana geni lilikuwa na udugu na neno la nabii mwenyewe. Mhubiri aujuaye ukoo huu aweza kutoka imani mpaka amana, akaonyesha kwamba mwenye imani ni yule ambaye mali ya mwenziwe ikiwekwa kwake hukaa salama. Na jirani Mwislamu akipita dirishani ataelewa kila neno.

Sisemi tafsiri moja itupwe. Nasema mhubiri azisome zote mbili, kwa kuwa moja yamfundisha kuegemea na nyingine yamfundisha kutoyumba. Aya ile yadai yote mawili: amtegemeaye Mungu naye awe mtu wa kutegemewa. Mahubiri yasiyofika hapo, hata yakipambwa kwa methali na sauti tamu, yameisoma aya nusu.