Mtindo wa Kitoto: Jina la Muziki na Historia Isiyoandikwa kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelipuuza, nalo ni namna historia za bendi za roki za Afrika Mashariki zinavyoandikwa. Taarabu imepata wataalamu wake. Muziki wa dansi nao umeanza kupata wake. Roki imeachwa nje kwa hoja kwamba ni mali ya wageni.

Hoja hiyo si ya vitabuni tu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliomba kuandika tasnifu ya uzamili juu ya nyimbo za bendi ya roki. Jopo lilimrudisha kwa kauli fupi: "Hiyo si fasihi yetu." Akabadili mada, akaandika juu ya methali. Mimi nilikuwa mmoja wa wanajopo, wala sikufungua kinywa. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

2. Bendi ya Sunburst

Mfano tutakaoutumia ni bendi ya Sunburst, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Wanamuziki wake hawakutoka katika nchi moja. Mwaka 1973 bendi hiyo ilishinda mashindano ya muziki ya taifa, na mwaka 1976, ilipokuwa imehamia Zambia, ilitoa santuri yake ndefu ya pekee, Ave Africa. Baada ya hapo ilivunjika. Miaka arobaini baadaye, yaani mwaka 2016, kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi za bendi hiyo za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya.

Mimi mwenyewe niliikuta santuri hiyo ugenini, katika duka la mji niliokuwa nikisomea shahada ya uzamili. Niliona haya kidogo. Nilikuwa nimefundishwa, na baadaye nikawafundisha wengine, juu ya fasihi ya enzi ya Ujamaa bila kulisikia jina la bendi hiyo hata mara moja. Maelezo yaliyoandamana na santuri yalikuwa ya Kiingereza, nayo yaliupa muziki huo jina la roki ya Kiafrika.

3. Maana ya "Kitoto"

Wenyewe, hata hivyo, waliuita muziki wao "kitoto". Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema. Kiambishi ki- katika neno hili kinaweza kuchukuliwa kwa njia mbili. Kwanza, ni ki- ya udogo. Pili, ni ki- ya namna, kama katika "kizungu", "kiungwana" au "kizee": kufanya jambo kwa jinsi ya watoto. Maana zote mbili zinakubaliana na muziki wa vijana, na jina lenyewe lina kejeli, kwa kuwa mzee anayekemea humwambia kijana aache mambo ya kitoto. Vijana hawa walilichukua neno la kemeo wakalivaa kama sifa.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Katika muziki wa dansi wa Tanzania ilikuwa desturi kila bendi kuwa na mtindo wake wenye jina. Nuta Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na Afro 70 ya Patrick Balisidja ilikuwa na Afrosa. Kwa kutangaza mtindo wa Kitoto, Sunburst walikuwa wakijipanga katika safu hiyo. Magitaa yao yalikuwa na mlio wa ng'ambo, lakini namna ya kujitambulisha kwa hadhira ilikuwa ya dansi. Mwandishi asiyejua uzito wa neno "mtindo" hulipita jina hili kama pambo, na kwa hiyo huipachika bendi katika ukoo usio wake.

Tusisahau pia mazingira ya wakati ule. Mnamo Novemba 1969 wakuu wa serikali walipiga marufuku muziki wa "soul" jijini Dar es Salaam, wakiuona kuwa ni upotovu wa utamaduni wa taifa. Kwa maoni yetu, bendi iliyozaliwa mwaka uliofuata isingeweza kulichukulia jina la Kiswahili kwa wepesi. Jina lilikuwa ngao na lilikuwa hoja.

4. Pingamizi

Msomaji anaweza kupinga kwamba Sunburst waliimba Kiingereza pia. Ni kweli. Ndani ya kazi zao "Black Is Beautiful" na "Enzi za Utumwani" zinakaa pamoja. Lakini majina hayo mawili yanazungumzia jeraha moja, na mhakiki anayeondoa moja ili abaki na jingine anakata mazungumzo katikati.

Isitoshe, tatizo halikuishia 1976. Mwaka 2020 kundi la Duma la Nairobi lilitoa santuri ya muziki wa metali uliochanganywa na mitambo, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msikilizaji wa Kiswahili husikia jina la mnyama mwenye mbio. Wenyewe hulihusisha na neno la Kigikuyu lenye maana ya giza. Mgongano huo wa lugha mbili katika jina moja ni mada kamili ya semina, lakini sifa nyingi za kundi hilo zimeandikwa Ulaya.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya bendi ni kazi ya lugha pia, na kwamba maneno kama "mtindo" na "kitoto" hayaelezeki kikamilifu nje ya Kiswahili. Tunapendekeza idara zetu ziruhusu mada hizi, na zianze kwa kuwahoji wazee wa bendi, kwa kuwa santuri inaweza kutolewa upya baada ya miaka arobaini, lakini mpigaji wake hawezi.

Mwanafunzi yule alihitimu, na tasnifu yake ya methali ni nzuri. Tasnifu nyingine haikuandikwa.