Mishono Miwili ya Cinerama

Katika historia ya picha pana, yaani filamu zilizokusudiwa kujaza upeo wote wa macho ya mtazamaji, hakuna mfumo uliodai kazi nyingi ya mikono kama Cinerama, na sifa ambazo kwa kawaida humiminiwa ukubwa wa skrini yake zinastahili kuwaendea kwanza mafundi waliojifungia vyumbani nyuma ya watazamaji, wakilinda mikanda mitatu isiachane hata kwa fremu moja.

Mbunifu wake, Fred Waller wa Marekani, aliyekuwa fundi wa picha za hila katika studio za Paramount, alishikilia kwamba hisia ya kina haitokani na kuwa na macho mawili tu, bali pia na kile kinachoonekana kwa pembe za jicho. Fikra hiyo aliitumia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika mtambo wa kuwafundishia wapiga bunduki wa ndege za kivita, ambamo projekta tano zilirusha picha za ndege za adui kwenye skrini iliyobonyea kama upande wa ndani wa mpira. Baada ya vita alipunguza projekta hadi tatu, na tarehe 30 Septemba 1952 filamu ya This Is Cinerama ikazinduliwa katika ukumbi wa Broadway, New York. Mtangazaji Lowell Thomas alitangulia kuhutubu ndani ya picha ndogo isiyo na rangi, kisha mapazia yakafunguka pande zote mbili, na ukumbi mzima ukajikuta umepakiwa kwenye kigari cha michezo kinachoporomoka relini katika bustani ya Rockaways' Playland.

Kamera ilikuwa na lenzi tatu za milimita 27, kila moja ikipiga picha kwenye mkanda wake wa milimita 35. Fremu moja ilichukua kimo cha matundu sita ya ukingoni mwa mkanda, yale ambayo meno ya mtambo huyashika ili kuuvuta, ilhali fremu ya kawaida huchukua manne, na fremu 26 zilipita kila sekunde badala ya 24. Projekta ziliwekwa katika vyumba vitatu vilivyoitwa Able, Baker na Charlie, na miali yake ilipishana, kwa maana kwamba ile ya kushoto ilijaza upande wa kulia wa skrini na ile ya kulia upande wa kushoto. Skrini yenyewe, iliyopinda kwa nyuzi 146, haikuwa kitambaa kimoja, bali vipande vyembamba vya wima vipatavyo 1,100, kila kimoja kikielekezwa kwa watazamaji, kwa kuwa kitambaa kizima kilichopinda kiasi hicho kingerudisha mwanga wa ubavu mmoja hadi ubavu wa pili na kuififisha picha. Sauti, iliyokuwa kazi ya Hazard Reeves, ilikaa kwenye mkanda wa nne, wa sumaku, wenye njia saba.

Ugumu wote ulikuwa kwenye mishono miwili, pale picha zilipokutana. Picha ziliingiliana kidogo, na kama pasingefanywa lolote pangeng'aa mistari miwili kutoka juu hadi chini; kwa hiyo ndani ya kila projekta viliwekwa vichanuo vidogo vilivyotikisika upesi sana na kuuvunjavunja ukingo wa mwanga. Hayo yalifanywa na mashine, lakini mengine yalimngoja binadamu. Taa zilikuwa za kaboni, ambazo ncha zake huungua na kupungua, na mafundi watatu walipaswa kuzisogeza ili anga moja isionekane kuwa na rangi tatu, huku msimamizi akiitazama picha kutoka ukumbini na kuwaelekeza. Mkanda mmoja ukikatika, fremu zilizoharibika zilifidiwa kwa fremu nyeusi za idadi ileile, la sivyo theluthi moja ya picha ingetangulia nyingine. Na wakati wa ukarabati filamu ya akiba ilimwonesha Lowell Thomas akizungumza na watazamaji.

Gharama ndiyo iliyoushinda mfumo huu. Mwaka 1953 CinemaScope ilileta upana kwa mkanda mmoja, kwa kutumia lenzi za Henri Chrétien wa Ufaransa zilizoibana picha kamerani na kuitanua ukumbini, na mwaka 1955 Mike Todd, aliyewahi kushiriki katika Cinerama yenyewe, akaja na Oklahoma! kwenye mkanda wa milimita 70. Hata hivyo How the West Was Won ya 1962 inabaki kuwa kilele, ingawa ilikuwa pia miongoni mwa filamu za mwisho za mikanda mitatu. Waongozaji wake waliificha mishono nyuma ya miti na nguzo, na waigizaji walilazimika kukodolea macho mahali pasipo na mtu ili kwenye skrini waonekane wakitazamana.

Ukumbi wa Pictureville, Bradford, Uingereza, ulifunga projekta tatu mwaka 1993, jambo la kushukuriwa sana, kwa sababu filamu hiyo ilipotolewa upya kwa ajili ya nyumbani mwaka 2008, kompyuta iliifuta karibu mistari yote. Picha hiyo ni safi na inapendeza, ila anayeitazama hawezi tena kujua kwamba pale katikati ya mto na msitu walikuwa wakikutana mafundi watatu.