Rumba na nkumba

Tangu UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, mwaka 2021, wengi huku Masisi husema: rumba ni ngoma yetu, ilichukuliwa utumwani, ikarudi. Hutaja neno la Kikongo nkumba, ndiyo kitovu, kwani wachezaji walikaribiana kitovu kwa kitovu.

Ukweli upo, lakini hautoshi. Watumwa wa Kongo walifika Kuba na ngoma zao, wakachanganyika na watumwa wa makabila mengine na kusikia nyimbo za Waspanyola. Hivyo rumba ilizaliwa Matanzas na Havana, karne ya 19: ngoma, vijiti na sauti, pasipo gitaa. Lakini disiki zilizofika Léopoldville, ndiyo Kinshasa, tangu miaka ya 1930, zilikuwa hasa za son, muziki mwingine wa Kuba, wenye gitaa. Wauzaji ndio walioziita rumba. Vijana wetu wakazisikiliza, wakaumba muziki mpya. Wendo akaimba Marie-Louise kwa Kilingala, mwaka 1948.

Ubishi huu unatuhusu, ndugu makatekista. Burungu mmoja husema: ni ya wazee, iingie Misani. Mwingine: ni ya baa, itupwe. Wote wawili wanauliza ukoo tu. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, uliheshimu muziki wa mataifa, wala haukudai cheti cha kuzaliwa. Nasi tuulize: maneno yake ni ya kweli? Taifa la Mungu linasali nao?