Hesabu ya Mzigo: Kutoka Njia ya Chilkoot hadi Mto Yukon

Yuko msafiri ambaye likizo kwake si kulala ufukweni, bali ni kuchosha mwili mahali penye hewa safi. Na kwa mtu wa namna hiyo ni nadra kupatikana safari yenye mafunzo mengi kama ile ianzayo Dyea, pwani ya Alaska, ikapanda kwa miguu njia ya Chilkoot umbali wa km 53 mpaka ziwa Bennett nchini Kanada, kisha ikaendelea kwa mtumbwi kuuteremka mto Yukon hadi Dawson. Wengi waliokwisha kwenda husifu uzuri wa nchi, nao wana haki. Lakini nionavyo mimi, roho ya safari hii ni uzito: jinsi unavyobebwa mlimani, na jinsi unavyopakiwa majini.

Hesabu yake ilianza na dhahabu iliyoonekana tarehe 16 Agosti 1896 katika kijito kilichokuja kuitwa Bonanza, karibu na Dawson. Maelfu ya watu walipomiminika, polisi wa Kanada walisimama juu kileleni na kuweka sharti kwamba hapiti mtu asiye na chakula cha kumtosha mwaka mzima. Na chakula hicho, pamoja na zana, kilifikia takriban pauni 2,000, yaani karibu frasila 57 kwa mizani ya wazee wetu. Asiyekuwa na fedha ya kuajiri wapagazi aliugawa mzigo wake mafungu, akachukua moja, akalitua mbele, akarudi mikono mitupu kulifuata la pili. Tuseme mafungu yalikuwa 30, yote ya mgongoni: kwenda mara 30 na kurudi mara 29, maana yake kila hatua ya njia imekanyagwa mara 59, na zile km 53 zimegeuka kuwa 3,127. Waliotumia sleji mahali pa tambarare walipunguza idadi hiyo, lakini katika mwinuko wa mwisho sleji haikufaa kitu; pale zilichongwa ngazi zipatazo 1,500 katika barafu, watu wakapanda mmoja nyuma ya mwenziwe, na aliyetoka mstarini kupumzika alikuwa na kazi kubwa ya kuupata tena upenyo wa kurudi.

Haifai kusahau kwamba njia ile haikuvumbuliwa na wageni hao. Watlingit wa pwani waliishika kwa muda mrefu kabla yao, wakaipitisha biashara yao ya mafuta ya samaki kwenda kwa watu wa bara, na ujuzi wa kubeba kwa ukanda upitao kipajini, ambao huuteremsha uzito katika shingo na uti wa mgongo badala ya kuuachia mabega peke yake, ulikuwa wao. Ni dhuluma kusimulia Chilkoot bila kuwataja.

Msafiri wa leo hupanda wakati wa kiangazi, na jambo la ajabu ni kuwa kiangazi kina ugumu wake: theluji iliyokuwa ikiyafunika majabali imeyeyuka, na pale palipokuwa na ngazi pana mawe makubwa yanayohitaji mikono na magoti. Kwa sababu hiyo inampasa aondoke kambi ya Sheep Camp alfajiri mapema, maana mwendo wa km 13 hivi mpaka Happy Camp huweza kula saa kumi au zaidi, na kila kilo aliyoiacha nyumbani humrudishia nguvu katika mawe yale.

Majini kanuni hubadilika. Barafu ya ziwa Bennett ilipovunjika tarehe 29 Mei 1898, vyombo zaidi ya 7,000 viling'oa, vingi vimeundwa kwa mbao mbichi zilizopasuliwa pale pale na watu ambao hawajapata kuunda hata hori. Vilipofika korongo la Miles na maporomoko ya White Horse, vingi vikavunjika, hata Sam Steele, mkuu wa polisi, akatoa amri: wanawake na watoto wapite kwa miguu, chombo kiongozwe na rubani anayejua, tena kisiteremke kisichokuwa na ubavu wa kutosha juu ya maji, atakayevunja amri atozwe dola 100. Naiheshimu sana sehemu ile ya tatu, kwa kuwa imeyashika maradhi yenyewe: chombo kilichozama mno hakipandi wimbi, bali hulinywa.

Maporomoko yale yalifunikwa na bwawa la umeme mwaka 1958, na wapiga kafi wa sasa aghalabu huanzia mjini Whitehorse. Mzigo mzito hulazwa chini katikati, mwepesi ukaelekea omo na tezi, na kila kitu kikafungwa kamba. Aketiye omo ndiye atiaye nguvu. Aketiye tezi, kila amalizapo kuvuta, hugeuza uso wa kafi nje kidogo na kuusukuma, ili mtumbwi usipotoke upande wa pili. Ziwa Laberge, lenye urefu wa takriban km 50, hupitwa kandokando ya ufuko, asubuhi au jioni, kwa kuwa upepo wake huamka ghafula.

Chini ya Carmacks mto hukutana na nguzo nne za mwamba ziugawazo njia tano, mahali paitwapo Five Finger, na njia ya kufuata ni ya kulia kabisa. Mbele yake huonekana ulimi wa maji laini, mpana hapa karibu na mwembamba kule mbele. Mtumbwi huelekezwa katikati ya ulimi huo, wapigaji wamepiga magoti, wala hawaachi kupiga kafi, maana mtumbwi uendao sawa na mkondo hauna usukani. Mawimbi matatu au manne yaliyosimama hurusha maji usoni, kisha mto hutulia.

Mbele zaidi huingia mto White, umebeba vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu na majivu ya volkano, na tangu hapo hadi Dawson husikika chini ya mtumbwi mchakarisho kama wa mchanga ukipepetwa katika ungo. Maji hayo huziba chujio upesi. Kwa hiyo wazoefu hujaza vyombo vyao katika vijito vya kando, vingali safi, kabla hawajafika mlangoni pa mto White.