Pima Tairi Likining'inia

Pikapu karibu zote hutoka kiwandani zikiwa zimeinama mbele kidogo, na hilo si kosa. Aliyezichora alishaiwaza siku utakayopakia magunia ya mahindi: springi za nyuma zinabonyea, mkia unashuka, gari linakaa sawa, na taa zinamulika barabara badala ya matawi ya miembe. Anayeinua pua kwa ajili ya umbo tu ana haki yake, gari ni lake. Ila anayebeba mizigo kila wiki aache nyuma ibaki juu kwa sentimita mbili tatu. Usawa kamili ni wa yule ambaye mzigo wake mkubwa ni kreti mbili za soda na mashemeji.

Kabla ya kununua chochote, chukua futi kamba. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne. Ukikuta kulia na kushoto mbele kunatofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, huna tatizo la kimo. Springi imechoka, au imekatika pete ya chini, jambo la kawaida kwa gari lililokula miaka kumi ya barabara za vumbi. Springi mpya za kiwango kilekile cha kiwandani zitarudisha kimo kilichopotea bila kupotosha pembe za kiwandani. Hii ndiyo njia ya bei nafuu ambayo muuza spea hakutajii, kwa kuwa haina boksi lenye picha ya gari juu ya jabali.

Kama springi ni nzima na bado unataka kuinua, uliza gari lako limejengwaje. Hilux zenye difu mbele za kabla ya zile za Vigo zilizotoka 2004, pamoja na D-Max za kizazi cha kwanza, nyingi zinasimamia nondo ndefu inayojisokota, ambayo mafundi wengi huiita tosheni. Kuinua gari la namna hii ni bure: ni bolti moja kila upande. Fundi anayejua kazi hunyanyua gari kwanza ili nondo ipumue, hulainisha nyuzi za bolti, hukaza, hushusha, kisha hulisukuma gari mbele na nyuma hatua kadhaa kabla ya kupima. Anayepima pale pale baada ya kutoa jeki anapima uongo, kwa sababu tairi bado zimebana kwa ndani na gari halijatulia.

Baada ya hapo utasikia watu wakisema gari limekuwa gumu kwa sababu nondo imekazwa. Ugumu wa nondo haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mkono wa juu unaoshikilia tairi sasa umekaribia raba inayouzuia usishuke zaidi, kwa hiyo kila tairi linapotaka kuingia shimoni linagota. Pitisha kidole kati ya mkono huo na raba gari likiwa limesimama chini. Kisipopita, umezidisha, rudisha.

Hapo ndipo ubora wa kazi hii yote unapopimwa. Kila mtu anatazama gari limepanda kiasi gani, ilhali la kuangalia ni nafasi iliyobaki ya tairi kushuka. Barabara ya matuta na mashimo inadai tairi lishuke kama inavyodai lipande, na kwenye nondo kila sentimita uliyoiongeza juu umeitoa chini.

Hilux za Vigo na Revo zina springi ya mviringo iliyovishwa kwenye shokapu, na huku ndiko spesa, yaani vipande vya kuongezea kimo, zinakotawala. Kuna inayokaa juu ya kikombe cha shokapu, na kuna inayoingia ndani kuibana springi. Ya juu ni rahisi kufunga kwa sababu springi haifunguliwi. Lakini inaisukuma shokapu nzima chini, hivyo tairi linaweza kushuka zaidi kuliko boljointi zilivyokusudiwa, na kwenye tuta kubwa shokapu inaweza kufika mwisho wake kabla ya raba ya kizuizi kuipokea. Ya ndani haibadilishi urefu wa shokapu, ila inakula nafasi ya kushuka, na kuifunga kunahitaji kibanio maalumu cha springi. Ukiona fundi anaibana kwa waya na minyororo, ondoka, na usisimame mbele yake wakati unaondoka.

Kumbuka pia kwamba kwa mpangilio wa mikono ya Hilux, spesa ya juu ya sentimita moja huinua gari karibu mara mbili ya hapo. Wengi hununua ya sentimita tano wakidhani watapata tano.

Ukiwa kaunta, shika spesa mkononi. Iweke juu ya kioo cha meza: ikicheza, haikukerezwa sawa. Matundu yawe duara safi, si yai, na kingo ziwe zimelainishwa. Bolti ziwe zimezamishwa kwa mashine. Zilizochomelewa kichwa ziache hapo hapo. Chuma kilichokerezwa vizuri Gerezani, Dar es Salaam, kinaweza kushinda kile cha kuagizwa, mradi umejua nani kakikereza. Ya alumini ni nyepesi na nzuri bara, lakini Tanga au Mombasa, ikigusana na chuma katika hewa ya chumvi, huliwa ikawa unga mweupe usipoipaka rangi na kuikagua.

Kwa mwenye bampa la chuma na winchi, spesa si jibu. Huo ni uzito unaoweza kukaribia kilo mia moja, na springi iliyozidiwa ukiiwekea spesa inabaki imezidiwa, ila juu zaidi. Nunua springi zilizotengenezwa kwa uzito huo. Chapa ya Old Man Emu, kwa mfano, hupanga zake kwa mizigo tofauti, na muuzaji asiyekuuliza mbele umefunga nini hajui anachouza. Shokapu zikiwa zinavuja, badilisha siku hiyo hiyo. Kazi ya kufungua ni ileile, usiilipie mara mbili.

Land Cruiser 79 ni habari nyingine. Ekseli yake ya mbele ni kipande kimoja, na ukiinua bila bushi za kurekebisha mlalo wa ekseli, usukani unasahau kurudi katikati na gari linaanza kutangatanga kwenye lami.

Fundi bora utamtambua kwa jambo dogo: bolti za bushi za mikono huzikaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Akizikaza tairi zikiwa hewani, raba hubaki zimejisokota kila siku na kuchanika mapema. Kisha alaimenti, kisha taa, ambazo sasa zinawachoma macho wanaokuja mbele yako.

Na ukinunua pikapu iliyokwisha kuinuliwa na mwingine, usiridhike na kuizunguka. Omba jeki, inyanyue kwa chesisi tairi la mbele lining'inie, uchuchumae utazame kibuyu cha raba kwenye ekseli. Mikunjo ya upande mmoja ikisagana na kung'aa, imenyanyuliwa kupita kiasi. Ishushe, kata usukani hadi mwisho, endesha polepole ukizunguka dirisha likiwa wazi. Ukisikia tak-tak-tak, toa kwanza bei ya ekseli mbili, ndipo muanze kuzungumza.